Mkutano wa Saa Mbili Asubuhi

Fomu ya kuombea ndege ya serikali ilikuwa na vipengele kumi na viwili, lakini kilichokuwa na kazi ni kimoja tu, cha saba. Kiliuliza: "Sababu za kutotumia ndege ya abiria." Kwa karibu miaka minne, kukijaza kipengele hicho kulikuwa sehemu ya mshahara wangu. Mkubwa akitaka kusafiri, msaidizi wake alinipigia simu, akanitajia mji na siku, halafu akaniachia mimi nihangaike na maneno. Hakuna aliyewahi kuniambia nidanganye. Niliambiwa tu, "Ijaze vizuri." Aliyewahi kukaa kwenye ofisi za umma anaijua lugha hiyo.

Siri ya kuijaza vizuri nilifundishwa na mwenzangu aliyenitangulia kwenye kiti kile, wiki yangu ya kwanza. Alinifungulia ratiba ya mashirika ya ndege, akaweka kidole kwenye ndege ya kwanza ya asubuhi. "Hii inatua saa nne kasoro robo," akasema. "Sasa mkutano ukiwa saa tano, wewe huna hoja. Ukiwa saa mbili, hoja unayo." Akanyamaza kidogo ili iniingie. "Kwa hiyo mkutano uko saa mbili."

Na kweli ulikuwa saa mbili. Mikutano yetu yote ya nje ya mji ilikuwa saa mbili asubuhi. Sikuwahi kujiuliza wenyeji wetu walikuwa wanafikiria nini.

Fomu ile hunijia kichwani kila serikali fulani inapotangaza kubana matumizi, popote pale duniani, kwa sababu haupiti muda mrefu kabla ndege ya serikali haijaingia kwenye mjadala. Ajira zimesimamishwa, dawa hazitoshi, na mtu mmoja mwenye simu amempiga picha waziri akishuka ngazi za ndege ndogo nyeupe kwenda kufungua semina. Wenye hasira wanasema iuzwe. Watetezi wanasema waziri si mtu wa kupanga foleni. Nimewasikiliza wote miaka mingi, na wote huzungumza kama vile ndege hujirusha yenyewe. Mimi huwa najiuliza nani alijaza kipengele cha saba, na nani alikisoma.

Lakini tuanze na hela, maana hapo ndipo watu wanapopigwa chenga.

Gharama ya ndege hupimwa kwa saa ya kuruka. Ukimuuliza msemaji wa serikali yoyote safari imekula kiasi gani, atachukua idadi ya saa, atazidisha kwa bei ya saa moja, na atakupa jibu. Ujanja wote umelala kwenye hiyo bei. Inaweza kuwa ni mafuta, ada za kutua na malazi ya marubani, basi. Au inaweza kubeba pia mishahara ya marubani na mafundi, bima, mafunzo, hanga la kuilaza ndege, ule ukaguzi mkubwa ambapo ndege inafumuliwa mpaka mifupa, na thamani inayoyeyuka kila mwaka ndege ikizeeka. Hesabu hizi mbili zinaweza kupishana mara kadhaa, na zote zikawa za kweli. Mtu anachagua tu ipi ya kuisema kwenye kipaza sauti.

Uingereza ilitoa mfano mzuri mwaka 2015. Serikali ya David Cameron ilitangaza kwamba itatumia pauni milioni 10 kuikarabati ndege moja ya jeshi aina ya Voyager, ambayo kazi yake ya asili ni kujaza ndege nyingine mafuta zikiwa angani, ili iweze kumbeba waziri mkuu na mawaziri. Hoja ilikuwa ni kubana matumizi hasa. Saa moja ya Voyager ingekuwa kama pauni 2,000, wakati kukodi ndege ya safari ndefu kulikuwa pauni 6,700, na kwa mwaka zingeokolewa takribani pauni 775,000.

Zisome hizo namba kwa jicho la mhasibu. Voyager ni Airbus A330, ndege kubwa ya injini mbili. Hairuki kwa pauni 2,000 kwa saa isipokuwa umekubali kwanza kwamba ndege yenyewe, marubani wake na mafundi wake vimeshalipiwa na kasma nyingine, yaani fungu jingine la bajeti. Na vilikuwa vimeshalipiwa kweli, na wizara ya ulinzi. Hakuna aliyesema uongo. Halafu igawanye ile milioni 10 kwa akiba ya 775,000 na utaona kwamba ingehitajika miaka karibu 13 ukarabati ujilipe. Mwaka 2020, chini ya Boris Johnson, ndege hiyohiyo ikapakwa rangi upya, nyeupe yenye bendera ya taifa mkiani, kwa takribani pauni 900,000. Rangi peke yake ikala zaidi ya akiba ya mwaka mzima.

Ofisini kwetu aliyenifungua macho kuhusu haya alikuwa mhasibu mkuu, mama mmoja wa makamo aliyekuwa akivaa miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Siku moja aliniita, akanitandikia ankara mezani. Mimi nilikuwa nimeombea kibali safari moja: kwenda na kurudi. Ankara ilikuwa na miruko minne. Nikamwambia, "Mama, hapa wametuibia."

"Hawajatuibia, mwanangu," akasema. "Hesabu vizuri. Ndege ilimpeleka. Ikarudi tupu kwa sababu kulikuwa na mkubwa mwingine huku anaihitaji. Kesho yake ikaenda tupu kumfuata. Ikamrudisha." Akaivuta ile miwani ya kichwani. "Wewe ulijaza miwili. Mimi ninalipa minne."

Safari tupu ndiyo sehemu ambayo haipigwi picha. Ujerumani waliishi nayo kwa miongo. Serikali ilihamia Berlin mwaka 1999, lakini kikosi cha jeshi la anga kinachobeba viongozi kikabaki na makao yake kwenye uwanja wa Köln/Bonn, jirani na mji mkuu wa zamani. Matokeo yake, ndege zikawa zinaruka bila abiria kwenda Berlin kumchukua waziri, na baada ya kumrudisha zinaruka tena tupu kwenda kulala kwao. Hakuna waziri aliyekuwa amekosa. Kikosi tu hakikuhama pamoja na serikali.

Watetezi wa ndege wana jibu, na lina nusu ya ukweli ndani yake, ndiyo maana linasumbua. Wanasema marubani wanalazimika kuruka idadi fulani ya saa ili ustadi wao usichakae, waziri awepo asiwepo. Sasa kama ndege inapaa hata hivyo, akipanda waziri kuna hasara gani? Ni kweli marubani lazima waruke. Ila mazoezi yana mambo yake: kupaa na kutua mara kwa mara, kuigiza injini moja iliyozimika, kuingia uwanjani kwa kufuata vyombo peke yake. Hayo huyafanyi waziri akiwa nyuma anapitia hotuba. Mwezi Julai 2010, waziri wa ulinzi wa Canada, Peter MacKay, alichukuliwa na helikopta ya uokoaji ya Cormorant kutoka kambi ya uvuvi huko Newfoundland, alikokuwa mapumzikoni. Habari ilipotoka mwaka uliofuata, maelezo yakawa kwamba ilikuwa nafasi ya kumwonyesha waziri kazi ya kikosi cha uokoaji. Kisha zikawekwa wazi barua pepe za ndani za jeshi, na ndani yake maofisa walikuwa wameshatahadharishana mapema kwamba jambo hili likijulikana litaleta picha mbaya. Niliposoma habari hiyo nilijihisi nyumbani. Kumbe hata kwao kuna mtu aliyeambiwa aijaze vizuri.

Halafu kuna ile ya kurudisha nauli. Mwaka 1991 ilibainika kwamba John Sununu, mkuu wa watumishi wa ikulu ya Marekani chini ya George H. W. Bush, alikuwa ametumia ndege za jeshi zaidi ya mara 70 ndani ya muda wa miaka kama miwili, zikiwemo safari za kwenda kuteleza kwenye theluji na moja ya kwenda kwa daktari wa meno Boston. Kanuni ilikuwa kwamba safari isiyo ya kikazi hurudishiwa serikali nauli ya daraja la kawaida, pamoja na dola moja. Ile dola moja hunichekesha mpaka leo. Kuna mtu, mahali fulani, alikaa akafikiri kwamba nauli ya kiti cha kubanana kwenye ndege ya abiria hailingani na kuendeshewa ndege nzima ya jeshi, akatafuta tofauti kati ya hivyo viwili, akaiona ni dola moja. Sununu alipobanwa kwenye ndege akahamia kwenye gari: mwezi Juni mwaka huohuo alichukua gari la serikali na dereva kutoka Washington hadi New York, kwenye mnada wa stempu. Kufikia Desemba alikuwa ametangaza kujiuzulu.

Wenzake hawakujifunza. Mwaka 2017 waziri wa afya wa Marekani, Tom Price, alijiuzulu baada ya waandishi kufuatilia safari zake za ndege za kukodi zilizogharimu mamia ya maelfu ya dola, mojawapo kutoka Washington kwenda Philadelphia, umbali ambao treni huumaliza kwa chini ya saa mbili. Aliahidi kulipia kiti chake, karibu dola 52,000. Viti vingine vya ndege hiyohiyo, ambavyo visingepaa kama yeye asingepaa, vikabaki kwa walipa kodi. Mwaka 2009, akiwa mbunge, huyuhuyu alikuwa amesimama kupinga serikali kununua ndege za kifahari.

Ukichoka na hadithi za namna hii, uamuzi unaokuja wenyewe kichwani ni kuiuza ndege. Wananchi hushangilia. Mimi mwenyewe nilishangilia Malawi ilipofanya hivyo. Ndege ile, Dassault Falcon, ilinunuliwa mwaka 2009 wakati wa Bingu wa Mutharika kwa zaidi ya dola milioni 13, na Uingereza ikakasirika ikapunguza msaada wake kwa pauni milioni 3. Joyce Banda alipoingia, akaiuza mwaka 2013 kwa dola milioni 15. Ukiitazama harakaharaka, ni biashara nzuri. Lakini mwaka huohuo wa 2013 ikalipuka kashfa iliyoitwa Cashgate, ambapo fedha za serikali zilikuwa zikichotwa kupitia malipo hewa kwenye mfumo uleule wa hazina. Na maswali kuhusu fedha za ile ndege zilikokwenda yaliendelea hata baada ya Banda kuondoka madarakani. Karatasi zilikuwa mbovu kabla ndege haijauzwa, zikaendelea kuwa mbovu baada ya kuuzwa. Kilichobadilika ni kwamba hanga lilikuwa wazi.

Mexico ndiyo ilinoga zaidi. Ndege yao ya rais, Boeing 787 iliyonunuliwa kwa takribani dola milioni 218, iliagizwa wakati wa Felipe Calderón na ikatumiwa na Enrique Peña Nieto. Andrés Manuel López Obrador alifanya kampeni akiapa hatapanda. Na kweli hakupanda, alikuwa akikaa na abiria wenzake. Septemba 2018, akiwa ameshachaguliwa lakini hajaapishwa, alikwama zaidi ya saa tatu ndani ya ndege ya abiria huko Huatulco kwa sababu ya mvua, na akasema hata hivyo habadili msimamo. Nilimpenda kwa hilo. Tatizo likaja kwenye kuuza. Ndege ilipelekwa California kutafutiwa mnunuzi, mnunuzi hakuonekana, ada za maegesho na matengenezo zikaendelea kuhesabiwa. Ikarudishwa. Mwaka 2020 ikafanyiwa bahati nasibu ya tiketi milioni sita, peso 500 kila moja, na washindi hawakupewa ndege bali fedha, kwa sababu nani ana mahali pa kuegesha 787? Hatimaye mwaka 2023 ikanunuliwa na serikali ya Tajikistan kwa kama dola milioni 92. Miaka zaidi ya minne ya kuuza kitu ambacho kila mwezi kilikuwa kinakula.

Simlaumu López Obrador. Ndege iliyopambwa kwa ajili ya rais mmoja ni kama suti ya kushonesha, haimkai mwingine. Hasara ilishaingia siku ya kununua. Na siku ya kununua ndiyo siku ambayo wananchi huwa hawapo chumbani. Au huwapo kwa kutajwa tu, kama Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati waziri wa fedha Basil Mramba alipoingia kwenye kumbukumbu za watu kwa kauli kwamba ndege ya rais itanunuliwa hata ikibidi wananchi wale nyasi. Ilinunuliwa. Ile kauli imeishi kuliko bajeti zote alizowahi kuzisoma.

Hata hivyo siwezi kujiunga na wale wanaosema mawaziri wapande mabasi na yaishe. Nitawaambia kwa nini, na mfano wangu ni Poland.

Kwa miaka mingi wanasiasa wa Poland waliogopa kununua ndege mpya za viongozi. Kila aliyejaribu alijua magazeti yataandika nini. Zabuni zilitangazwa, zikafutwa. Wakaendelea na ndege za enzi ya Kisovieti. Desemba 2003, helikopta aina ya Mi-8 iliyombeba waziri mkuu Leszek Miller ilianguka karibu na Warsaw na yeye akaumia. Hata hapo bado. Tarehe 10 Aprili 2010, ndege aina ya Tu-154 iliyombeba Rais Lech Kaczyński, mke wake na vigogo wengi wa taifa kwenda kwenye kumbukumbu ya Katyn, ya maofisa wa Poland waliouawa na Wasovieti mwaka 1940, ilianguka kwenye ukungu karibu na Smolensk, Urusi. Watu 96 walikufa, wote waliokuwemo.

Ndege ilikuwa imetoka kwenye matengenezo makubwa miezi michache tu kabla. Uchunguzi wa serikali ya Poland ulikuta mapungufu makubwa kwenye mafunzo ya marubani na jinsi kikosi chao kilivyoendeshwa, na mwaka uliofuata kikosi kikavunjwa. Hapa ndipo ile hoja ya saa za mazoezi inaporudi kwa sura nyingine. Bajeti ikibana, mafunzo hukatwa kwanza, kwa kuwa hayaonekani kwa macho. Ukikata viti vya ngozi watu wataona, na utapigiwa makofi. Ukikata saa za mazoezi hakuna atakayejua, mpaka siku ya ukungu.

Na si huko tu. Tarehe 10 Juni 2012 helikopta ya polisi ilianguka karibu na Ngong, Kenya, ikaua watu sita akiwemo waziri wa usalama wa ndani George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Tarehe 10 Juni 2024, siku ileile miaka 12 baadaye, makamu wa rais wa Malawi Saulos Chilima alikufa na wenzake wanane kwenye ndege ya jeshi ndani ya msitu wa Chikangawa, wakiwa njiani kwenda mazikoni. Sitaki kusema bajeti ndiyo iliyowaua. Ninachosema ni kwamba chombo cha serikali si lazima kiwe salama eti kwa sababu ni cha serikali. Ndege ya abiria ambayo mkubwa anaidharau ina mkaguzi, ina kampuni inayoogopa kufungiwa leseni, na ina rubani anayeweza kukataa kutua kwenye ukungu bila kufikiria nani amekaa nyuma yake.

Lakini Poland haikuishia hapo, na ndiyo maana naipenda kama mfano. Baada ya Smolensk walikodi kwanza ndege kutoka shirika la taifa, LOT, kisha kuanzia 2017 wakapokea ndege mpya za serikali, Gulfstream na baadaye Boeing 737. Safari hii hakuna aliyethubutu kulalamika sana, maana wafu 96 walikuwa wanatazama. Haikupita miaka mingi. Agosti 2019 spika wa bunge, Marek Kuchciński, alijiuzulu baada ya kubainika kwamba alikuwa akitumia ndege hizo kwenda kwao kusini mashariki, Rzeszów, akiwa na familia yake. Ndege zilizonunuliwa kwa sababu ya msiba wa taifa zikawa daladala la wikiendi.

Mahali ambapo jambo hili lilishikwa pazuri, kwa maoni yangu, ni Australia mwaka 1967, na kulikoshikwa ni kwenye daftari.

Serikali ya Harold Holt ilikuwa na kikosi cha ndege za viongozi, ikaanza kununua ndege mpya za gharama, na wapinzani wakauliza bungeni nani hasa hupanda. Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba orodha za abiria hazitunzwi baada ya safari. Jibu hilo lilirudiwa na kurudiwa, mpaka likawa gumu kulirudisha nyuma. Oktoba 1967 John Gorton akawa kiongozi wa serikali kwenye Seneti. Gorton alikuwa rubani wa ndege za kivita kwenye Vita ya Pili ya Dunia. Mtu aliyewahi kurusha ndege za jeshi anajua kwamba jeshi la anga halipaishi chochote bila kuandika nani yumo, kwa sababu ikianguka lazima wajue wanamtafuta nani. Akaagiza vitabu viletwe. Vilikuwepo. Tarehe 25 Oktoba akaviweka mezani mbele ya Seneti, na serikali yake mwenyewe ikaaibika. Desemba mwaka huo Holt alipotea baharini akiogelea, na Januari 1968 aliyemrithi uwaziri mkuu alikuwa Gorton.

Tangu nisome kisa hicho, nikisikia serikali yoyote ikisema kumbukumbu za abiria "hazikutunzwa," namkumbuka Gorton. Zipo. Kikosi kinazo. Swali ni nani ana mamlaka ya kusema zilete.

Baadaye Australia ilizoea kuweka bungeni taarifa za safari za ndege hizo kwa vipindi, pamoja na taarifa za gharama za wabunge. Ni taarifa za namna hiyo zilizomwangusha spika Bronwyn Bishop mwaka 2015, aliyekodi helikopta kutoka Melbourne hadi Geelong, mwendo wa saa moja kwa gari, kwa dola 5,227 za Australia, kwenda kwenye harambee ya chama chake. Ona ukubwa wa hela yenyewe. Haifiki hata bei ya rangi ya bawa moja la Voyager. Lakini ilikuwa imeandikwa, na kilichoandikwa kinasomeka na mtu asiye na shahada ya uhasibu. Miaka ya karibuni taarifa za ndege za viongozi huko zimepunguzwa maelezo, sababu ikitajwa kuwa ni usalama. Naelewa hoja ya usalama kwa safari ya kesho. Kwa safari ya mwaka jana siielewi.

Kuna njia nyingine ambayo wengi huipenda, ya mkubwa mmoja kushika kibali. John Magufuli alipoingia madarakani mwishoni mwa 2015 alizuia safari za nje za watumishi na viongozi wa Tanzania mpaka ziwe na kibali cha ikulu, na tiketi za daraja la juu zikabaki kwa viongozi wachache kabisa wa kitaifa. Safari zilipungua, hilo si la ubishi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea roho ya anayesaini. Akiondoka yeye, kalamu inabaki mezani na mtu mwingine ameishika. Na hata yeye mwenyewe hawezi kukijua kila kikao cha saa mbili asubuhi. Anaona fomu iliyojazwa vizuri.

Narudi kwenye ile fomu.

Ilikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha. Kasma ya safari ilikuwa imebaki vumbi, na masurufu ya wiki tatu nyuma, zile fedha za safari zilizotolewa kabla, yalikuwa hayajarejeshwa. Nikapeleka fomu kama kawaida: mkutano saa mbili asubuhi, ndege ya kwanza ya abiria inatua saa nne kasoro robo, hivyo basi. Ikarudi siku hiyohiyo. Kwenye kipengele cha saba mhasibu mkuu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, herufi ndogo zilizonyooka: "Mkutano usogezwe saa tano. Tiketi mbili."

Nikapanda ngazi mbiombio. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, mkubwa hatakubali. Mkutano ni saa mbili."

"Nani aliyeupanga saa mbili?"

Nikakaa kimya.

"Wenyeji umewauliza?"

Miaka minne, na sikuwahi. Nikashuka, nikaitafuta namba, nikapiga. Aliyepokea ni dada mmoja wa masijala ya upande wa pili ambaye tulikuwa tukibadilishana barua tu. Nikamweleza, kwa kujikanyagakanyaga, kwamba tunaomba radhi, lakini kuna uwezekano kikao kianze saa tano. Akacheka mpaka nikaiweka simu mbali na sikio.

"Kaka, Mungu akubariki," akasema. "Sisi huku tunawaamsha watu saa kumi na moja alfajiri kwa ajili yenu. Tulidhani ninyi ndio mnaoitaka hiyo saa mbili."

Nikakata tiketi mbili.